Baada ya "Hujambo", Uliza Tena

Hamjambo wazazi, hamjambo wanafunzi. Najua mmeshajibu "hatujambo" moyoni kabla hamjafika kwenye nukta. Ndivyo tulivyolelewa sisi wakubwa, na ndivyo tunavyowafundisha nyinyi watoto kila Jumamosi asubuhi. Leo nataka niwape habari za matembezi yetu ya Julai, hasa nyinyi ambao hamkuweza kuja, kisha nizungumze nanyi kuhusu hilo jibu la "sijambo". Mambo hayo mawili yanahusiana, mtaona.

Tulikwenda Box Hill, kilima kilichoko Surrey, kusini mwa London. Tulipoitangaza safari hiyo shuleni, bibi wa mwanafunzi wetu mmoja aliuliza, "Na huko juu tunamtembelea nani?" Watoto walicheka, lakini swali lilikuwa sahihi kabisa. Kwa Kiswahili mtu akisema "nilikwenda kutembea", mara nyingi ana maana alikwenda kwa watu: alibisha hodi, akakaribishwa, akanywa chai. Kupanda kilima kisicho na mwenyeji, kutazama mandhari, kisha kushuka, ni jambo ambalo wengi wetu tumelizoea baada ya kuja huku. Mimi nimezaliwa Muheza, mkoa wa Tanga, na milima ya Usambara nimeiona tangu utotoni. Aliyekuwa akiipanda alikuwa na sababu: shamba, kuni, harusi au msiba. Nikamjibu bibi kwamba huko juu hatuna mwenyeji, lakini tukienda watu 34 tutatembeleana sisi kwa sisi. Akasema kama ni hivyo atakuja.

Tuliteremka kwenye kituo cha Box Hill & Westhumble saa mbili u nusu asubuhi. (Watoto, hiyo ni saa mbili ya Kiswahili, si ya simu zenu.) Utabiri ulisema joto litafika nyuzi 30 alasiri. Kwa hiyo mpango wetu ulikuwa kupanda mapema kwa njia ya msituni yenye kivuli, kushuka kabla jua halijawa kali, na kula chakula cha mchana chini ya miti kando ya mto. Kila mtoto alibeba kofia na chupa ya maji ya lita moja. Walimu tulibeba maji ya akiba na pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Mimi niliongeza kanga mbili kwenye mkoba. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kanga za nini mlimani?" Nikamwambia kanga haikosi kazi.

Mto unaopita chini ya kilima hicho unaitwa Mole. Kwa Kiingereza jina hilo ni sawa na la mnyama fuko, yule anayechimba njia zake chini ya ardhi, na mto huu linaufaa. Unaanzia upande wa Sussex, karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick, na hapo uwanjani unapitishwa chini ya njia ya kurukia ndege. Wale mliotua Gatwick mara ya kwanza mlipoingia Uingereza, huenda magurudumu ya ndege yenu yalipita juu ya mto huu bila nyinyi kujua. Ukifika Box Hill, mto unapita kwenye ardhi ya chaki ya asili. Chaki hunyonya maji. Kuna mashimo kwenye kingo na kitako cha mto yanayoyameza, na miaka ya ukame mkali sehemu ya mto hukauka kabisa juu huku maji yakiendelea na safari chini kwa chini, yakaibuka tena mbele. Mwisho wake mto huingia Thames, ng'ambo ya kasri la Hampton Court. Siku hiyo maji yalikuwapo, ingawa machache, na juu yake walikuwa kereng'ende wakirukaruka. Hilo ndilo lilikuwa neno jipya la kwanza la siku. Watoto walilipenda kwa sababu linatamkika kama kengele.

Tuliuvuka mto kwa miguu, juu ya mawe ya kuvukia. Yako 17. Mawe ya zamani yaliondolewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na haya ya sasa yalizinduliwa mwaka 1946 na Waziri Mkuu wa wakati ule, Clement Attlee. Tuliyahesabu kwa sauti tukivuka: jiwe la kwanza, jiwe la pili, hadi jiwe la kumi na saba. Hapo ndipo sheria ya siku ilipoanza. Tukishavuka kwenda ng'ambo, ni Kiswahili kitupu mpaka turudi chini. Na kila mtoto alipangiwa mtu mzima wa kutembea naye ambaye si mzazi wake, ili amsalimie, aongee naye, na amwombe maneno matatu asiyoyajua.

Baada ya mawe, njia inapanda msituni kwa ngazi nyingi. Watoto walianza kuzihesabu, wakapoteana baada ya mia moja. Kilima kimepata jina kutokana na mti uitwao box, mti mfupi wenye majani madogo yanayobaki mabichi mwaka mzima, na kwenye mteremko ule umejaa. Tulijifunza kwamba njia ni ile ile, ila ina majina mawili: ukiwa chini unatazama juu ni mwinuko, ukiwa juu unatazama chini ni mteremko. Tulijifunza kuhema, kutweta, na kushika kiuno. Baba mmoja kutoka Lubumbashi na mama mmoja kutoka Lamu walibishana kwa furaha njia nzima kuhusu maneno ya kwao, na watoto waliotembea nao walipata maneno sita badala ya matatu.

Kilele chenyewe cha Box Hill kina mita 224, lakini mahali watu wanapopenda kusimama kutazama bonde ni chini kidogo, penye mnara wa kumkumbuka Leopold Salomons, tajiri aliyeutoa mlima huu mwaka 1914 uwe mali ya wananchi wote. Ukisimama pale unaiona Dorking chini, mashamba, na vilima vya mbali vyenye rangi ya moshi. Tuliwasimulia watoto pia habari za meja mmoja, Peter Labelliere, aliyezikwa kwenye kilima hiki mwaka 1800 kichwa chini, miguu juu, kama alivyoagiza mwenyewe. Husimuliwa kwamba aliamini dunia imepinduka, na siku ikipinduliwa tena yeye atajikuta amesimama wima. Tangu siku hiyo darasa la wadogo hawana usemi mwingine: kila kitu ni kichwa chini, miguu juu.

Bibi yetu wa "tunamtembelea nani" hakupanda nasi. Mwanawe alimleta kwa gari mpaka juu, maana kuna barabara. Alitukuta pale mnarani amevaa baibui lake, ameshika mkongojo, akasalimiana na kila mmoja wetu bila kuruka mtu. Tulipojiandaa kuteremka akasema, "Kupanda sikuweza. Kushuka kutanishinda nini?" Mwanawe akaondoka na gari kwenda kutungoja chini.

Njia ya kushukia si ya msituni. Inafuata mgongo wa kilima uitwao Burford Spur, mahali pa wazi penye majani mafupi, maua, na vipepeo wa rangi ya buluu. Panapendeza sana, lakini kivuli ni haba. Saa nne u nusu jua lilikuwa tayari limeshika.

Bibi alipangiwa kutembea na mvulana wa miaka 11 wa darasa la kati. Ni mtoto mpole asiyependa kusema. Kiswahili chake ni kile cha kwenye simu, ambacho nadhani watoto wetu wengi wanacho: shikamoo, nzuri, haya, kwaheri. Alimwamkia bibi vizuri. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Hujambo?" "Sijambo. Hujambo bibi?" "Sijambo, baba." Kisha wakashika njia. Bibi akimwonyesha vitu na kumtajia majina, naye akiyarudia. Kipepeo. Ukoka. Ng'ombe.

Mimi nilikuwa mbele na wadogo. Nikaona mvulana yule anashuka mbio kunifuata, amekunja uso kama mtu aliyebeba yai kiganjani. Akaniambia, na hapa naandika maneno yake kama alivyoyasema: "Mwalimu, bibi anaona kisunzi. Mimi nimetafuta, sikioni."

Wazazi mnaolijua neno hilo mmeshaelewa. Watoto, kisunzi ni kizunguzungu: kichwa kinazunguka, macho yanaingia kiza, unahisi utaanguka. Na kwa Kiswahili mtu "huona" kisunzi, kama anavyoona njaa au baridi. Mvulana alidhani ni mdudu au mnyama, kwa sababu asubuhi nzima bibi alikuwa akimwonyesha viumbe. Alitazama kwenye majani, hakukiona, akaona bora aje kuuliza. Lakini neno alilileta zima, bila kulivunja, kutoka kwa bibi mpaka kwangu. Na alisema "sikioni", ile "ki" ikiwa mahali pake, kitu tulichokuwa tukikifundisha tangu Januari bila kuwa na hakika kama kuna anayesikiliza.

Nilipanda haraka. Bibi alikuwa amesimama akiuegemea mkongojo, uso umepauka, jasho jembamba limemtoka. Nilishika mkono wake: ngozi imelowa na mapigo yanakwenda mbio. Tulimsogeza kwenye kivuli cha vichaka vilivyokuwa pembeni, tukamlaza, tukamwinulia miguu juu ya mikoba. Kina mama wawili wakaisimamisha kanga moja kama pazia ili tumfungue baibui bila kumvunjia heshima. Kanga ya pili tuliilowesha maji, tukampaka shingoni, kwenye mikono na makwapani. Watoto wakampepea kwa kofia zao. Tukamnywesha maji ya ORS kidogo kidogo, funda baada ya funda. Nikamuuliza leo ni siku gani na tuko wapi. Akajibu bila kufumbua macho, "Jumamosi. Tuko kwenye mlima wa Waingereza, na wewe unanichosha kwa maswali." Jibu hilo lilinifurahisha kuliko shukrani yoyote, na nitaeleza kwa nini.

Mwili ukizidiwa na joto, kwanza mtu huchoka, huona kisunzi na kichefuchefu, kichwa humuuma, hutokwa na jasho jingi, misuli humkaza, mapigo ya moyo hupanda. Hatua hiyo huweza kutibiwa pale pale: kivuli, kulala na kuinuliwa miguu, kupunguza nguo, maji ya kunywa, maji ya kumpoza ngozi, na upepo. Inatakiwa aanze kupata nafuu ndani ya nusu saa. Asipopata nafuu, au akianza kuchanganyikiwa na kusema maneno yasiyoeleweka, au ngozi ikawa ya moto sana bila jasho, au akapumua kwa kasi, au akashikwa na degedege, au akazimia, hiyo ni hatari ya maisha. Piga 999 hapo hapo na uendelee kumpoza wakati mkisubiri. Ndiyo maana nilimuuliza siku na mahali, na ndiyo maana ule ukali wake ulinituliza. Akili ilikuwa timamu.

Baada ya dakika ishirini hivi rangi ilimrudia, na mapigo yakapungua. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameshampigia mwanawe simu, naye akapanda kwa ile barabara iliyo karibu na njia yetu. Tulimpeleka bibi garini polepole akiwa kati ya watu wawili. Siku ya pili alionwa na daktari wake, na leo ninapoandika yuko vizuri. Ameniruhusu kuandika habari hii kwa sharti la kutotaja jina lake, na la kusema kwamba hakuanguka. Hakuanguka.

Tukiwa bado pale kivulini, alipoanza kupata nguvu, nilimuuliza alikuwa amekunywa nini tangu asubuhi. Chai, kikombe kimoja. Maji je? Hakunywa, kwa kuwa alihofia atataka choo akiwa njiani. Dawa? Anatumia dawa za presha, na mojawapo ni ile ya kumfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Basi hapo una picha kamili: mtu mwenye umri wake, ambaye mwili haumwambii tena upesi kwamba una kiu, anayetumia dawa inayotoa maji, na ambaye amejinyima maji kwa sababu ya heshima. Wazazi, kama mna wazee nyumbani, hasa wanaotumia dawa za namna hiyo, tafadhali muulizeni daktari au mfamasia jinsi ya kufanya siku za joto. Msiwaachishe dawa kwa uamuzi wenu. Na mkitoka nao, waonyesheni choo kiko wapi kabla hawajauliza, kwa sababu hawatauliza.

Mwanawe akamuuliza kwa uchungu, "Mama, mtoto alikuuliza hujambo, mbona ulimwambia hujambo?" Bibi akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kaniamkia. Nimjibu nini? Nimwambie nakufa?"

Wazazi wenzangu, nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo tangu siku ile. Bibi alikuwa na haki. "Hujambo" ni kumuuliza mtu kama hana jambo, na adabu ni kujibu kwamba huna. Hata msibani watu hujibu "sijambo" wakiwa na machozi machoni. Si uongo. Jibu hilo ni mlango, na mlango lazima ufunguliwe kwanza kabla mgeni hajaingia ndani. Kule kwetu, baada ya "sijambo" na "nzuri" na "salama", ndipo mtu hukaa, akashusha pumzi, akasema "ila". "Nzuri, ila mguu huu hauniachi nilale." "Salama, ila mtoto ana homa siku ya tatu leo." Habari yenyewe iko baada ya "ila". Na ili "ila" itoke, lazima aliyesalimia awe bado yupo.

Watoto wetu tumewafundisha mlango tu. Tunawasukumia simu, "Msalimie bibi," wanasema shikamoo, hujambo, nzuri, kisha wanaturudishia simu mbio kama sufuria ya moto. Bibi wa upande wa pili amebaki na "ila" yake mkononi. Mtoto hana kosa. Amefanya kila alichofundishwa.

Kazini ninakofanya unesi naliona hili mara nyingi. Mzee wa watu wetu amelazwa, mwanawe mtu mzima kasimama kando ya kitanda, daktari anauliza anajisikiaje leo. Mzee anasema, "Sijambo, namshukuru Mungu." Mwana anatafsiri: anajisikia vizuri. Na daktari anaandika. Nikiwa zamu nitamngoja daktari aende kitanda cha pili, nivute kiti, nimuulize tena kwa Kiswahili, usingizi umekujaje, chakula kimeshuka, wapi panakusumbua zaidi. Hapo ndipo "ila" hutoka, na mimi huenda kumrudisha daktari.

Naomba nieleweke. Sisemi watoto wawe wakalimani wa hospitali. Hapana. Mkienda hospitali au kwa daktari wa mtaa hapa Uingereza, ombeni mkalimani. Huduma hiyo NHS hailipishi mgonjwa, na si sawa mtoto wa miaka 11 abebe habari za ugonjwa wa bibi yake. Ninachosema ni cha kabla ya hapo. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu. Kuna saa za alasiri ambapo nyumbani yuko mtoto aliyetoka shule na bibi au babu yake, wawili tu. Bibi hajui Kiingereza cha kutosha kupiga 999. Mtoto anajua, lakini hawezi kupiga kwa ajili ya jambo ambalo hakulielewa. Katikati yao kuna lugha moja tu, nayo ni hii tunayoifundisha Jumamosi. Baadhi yenu huniuliza, kwa upole, kama kweli kuna haja ya kumtoa mtoto kitandani wikendi kwa lugha ambayo hataitumia kwenye mitihani wala kazini. Jibu langu ni hizo saa za alasiri.

Turudi kwa mvulana wetu. Alipotulia nilimuuliza alijuaje kwamba kuna tatizo, maana bibi alishamwambia hajambo. Akasema bibi aliacha kumtajia vitu. Wakatembea, wakatembea, kimya. Akamuuliza, "Bibi, mbona umenyamaza?" Ndipo bibi akasema naona kisunzi.

Tazameni swali hilo. Hakumuuliza hali yake. Alisema "mbona". Neno hili Kiingereza hakina la kulilingana sawasawa. "Kwa nini" inataka sababu. "Mbona" inasema: nimekutazama, nimeona kitu hakiko kama kilivyokuwa, niambie. Huwezi kusema "mbona" kama hukuwa unamwangalia mtu. Bibi alipoulizwa "hujambo" alijibu salamu. Alipoulizwa "mbona umenyamaza", alijua ameonekana, akasema kweli.

Kwa hiyo muhula huu walimu tumekubaliana kufundisha swali la pili. Salamu zitabaki pale pale, na heshima zake zote. Lakini baada ya "sijambo", mtoto asiondoke. Abaki, atazame, aulize tena. Haya ni maswali ya kuanzia, ya kufanyia mazoezi nyumbani:

Bibi, mbona umenyamaza?
Babu, mbona hukumaliza chakula?
Umelala vizuri usiku?
Umekunywa maji leo?
Wapi panauma? Nionyeshe kwa kidole.
Tangu lini?
Nikuitie mama?

Na haya ni maneno ambayo wazee wanaweza kujibu nayo. Msiyasome mara moja mkayaacha. Kizunguzungu, au kisunzi. Kichefuchefu, yaani kutaka kutapika. Kiungulia, moto wa kifuani baada ya kula. Kichomi, maumivu ya kuchoma ubavuni au kifuani. Ganzi, pale mkono au mguu unapokuwa hausikii. Moyo kwenda mbio. Mwili kukosa nguvu. Watoto, mkisikia kichomi cha kifua, au ganzi ya ghafla upande mmoja wa mwili, au mdomo umekwenda upande, msingoje mzazi arudi. Pigeni 999.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mwanafunzi akae na mzee mmoja, wa nyumbani au wa kwenye simu, amwamkie, angoje "sijambo" yake, kisha aulize swali la pili. Mkifanya kwa simu, msiirudishe mpaka mmesikia "ila" au mmehakikisha haipo. Halafu kila mmoja aje na neno moja la maradhi ambalo hakulijua, pamoja na jina la mji lilikotoka: Unguja, Mombasa, Tanga, Bukavu, Muscat, popote. Msilitafsiri na msilipunguze. Lileteni kama mlivyolisikia, hata kama mnadhani ni mnyama. Jumamosi tutayaandika yote ubaoni, na wazazi mnaokuja kuchukua watoto mnaombwa kuingia ndani dakika kumi mapema, mtusaidie kuyaeleza.